Ubao Niliouacha Ulie

Vijana wangu wa karakana,

Siku ile mliponiaga mlinipa kipaza sauti, nikasema asanteni, nikasema tena asanteni, nikaketi. Shija akanifuata pale kwenye sahani za pilau akaniambia hotuba yangu imekuwa fupi kuliko sala ya kufungua. Akaniomba basi niandike, eti maneno yananitoka vizuri nikiwa na penseli. Nilikubali nikidhani atasahau. Hakusahau, na kila akinipigia simu anaanza na hilo kabla hata ya kunisalimia.

Sitaandika habari za vyeo wala mishahara. Vyeo vilichelewa na mishahara mnaijua. Nitaandika habari za sakafu, na jinsi kustaafu kwangu kulivyomfungia mama mkwe wangu chumbani, na jinsi tulivyomtoa. Shija na Dotto mlikuwepo katika sehemu ya mambo haya, lakini ninyi mliona mbao na skrubu tu. Haya ndiyo yaliyobaki.

Mama mkwe anaishi nasi hapa Somanda. Alitoka Migato kuja kutibiwa macho, jicho moja likapasuliwa likapona nusu, la pili likagoma. Hospitali iko karibu, binti yake yuko hapa, akabaki. Jina lake siliandiki. Wenyeji mnajua kwa nini, na mgeni atakayesoma aelewe tu kwamba kwa namna tulivyolelewa, mkwe hataji jina la mama mkwe wake, haketi naye mahali pamoja, hali chakula mbele yake, na wakikaribia kukutana mlangoni mmoja hugeuka. Si ugomvi. Ni heshima, na mama ameishika tangu siku niliyopeleka ng'ombe kwao.

Nilipokuwa kazini mpango huu haukumsumbua mtu. Asubuhi naondoka na pikipiki, mama anatoka, uwanja wote unakuwa wake. Anapeta choroko, anafukuza kuku, anabishana na jirani juu ya ukuta. Jioni pikipiki inasikika tangu kwenye kona ya duka la dawa, mama anakusanya ungo wake taratibu na kuingia ndani. Ile ekzosi yangu iliyotoboka, ambayo mlikuwa mnaicheka, ndiyo iliyokuwa inabisha hodi kwa niaba yangu. Kisha nikastaafu. Pikipiki nikamwachia kijana wa bodaboda, nikawa nashinda nyumbani nikitembea kwa ndala. Mama haoni vizuri, na sasa hakuwa na sauti ya kumwambia mkwe wake yuko upande gani wa nyumba. Akaamua kubaki chumbani.

Nitarudi hapo. Lakini hamtaelewa nilivyojitoa kwenye mtego huo msipomjua kwanza Mzee Ngassa.

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na randa mpya kabisa, nimeikumbatia kama mtoto. Kazi ilikuwa kumalizia sakafu ya mbao ya ghala la mbegu, ile iliyoinuliwa juu ili unyevu usipande. Mzee Ngassa ndiye aliyekuwa mkuu wa mafundi. Aliichukua randa yangu, akaitazama, akaipandisha juu ya kabati.

"Vua viatu," akasema.

Nikavua.

"Tembea."

"Nielekee wapi, mzee?"

"Kokote. Sakafu yote."

Nilitembea pekupeku asubuhi nzima, yeye nyuma yangu na kipande cha chaki. Kila ubao ulipolia aliuwekea alama. Mchana nilikuwa na kibanzi kwenye kidole gumba na nilikuwa bado sijashika hata msumari. Nilikwenda nyumbani nikiamini nimeajiriwa na mtu mwenye matatizo.

Baadaye nikaelewa. Mzee Ngassa alikuwa anakagua kazi kwa miguu. Macho, alisema, yanahongwa na vanishi, lakini unyayo unajua mahali ubao unapocheza hata kama haulii leo. Pima maji alikuwa nayo na aliitumia, ila akishamaliza aliiweka kando, akavua viatu, akatembea. Watu waliotukabidhi kazi walikuwa wanamshangaa mzee mwenye suruali ya kupiga pasi akizunguka pekupeku kwenye ukumbi wao kama anatafuta sindano. Hakuwajali. "Ubao ukilia," aliniambia, "hakuna anayeuliza ulikatwa msitu gani. Wanauliza fundi alikuwa nani." Kitu alichokichukia kuliko mchwa ni ubao unaolia, nami nikakichukia naye.

Kazi iliyotutoa jasho ilikuwa Mwandoya. Kanisa moja kule lilikuwa na jukwaa la kwaya ambalo sisi hatukulijenga, na niliweke wazi hilo kwa heshima ya marehemu Mzee Ngassa. Kwaya ya kule haiimbi ikiwa imesimama tu. Inacheza, mabega na miguu, na kila walipoyumba jukwaa nalo liliitikia. Mwalimu wa kwaya alikuwa mtu mpole sana, lakini siku ile alikuwa amefika mwisho.

"Sisi tuna sauti nne," akatuambia. "Hii ya tano sikuifundisha mimi."

Tulitembea juu yake, tukapata milio michache. Uzito wa mafundi wawili haukutosha. Mzee Ngassa akafikiri, kisha akamwomba mwalimu alete kwaya nzima, waimbe wimbo wanaoucheza kwa nguvu kuliko zote, na sisi tuingie chini. Basi nikalala chali kwenye vumbi la popo, kwaya ya watu wazima ikinirukia juu ya pua, chaki mkononi, naweka alama chini ya kila ubao unaolalamika. Mchanga ulikuwa unaniingia machoni na Mzee Ngassa, upande wa pili, alikuwa anaimba besi. Sijawahi kufurahi kazini kama siku ile, na sioni aibu kusema hivyo.

Ugonjwa tuliukuta. Mbao zilipigiliwa zikiwa mbichi. Zilipokauka zilisinyaa, zikaiachia misumari, na mguu ukikanyaga, ubao unapanda na kushuka kwenye msumari. Anayelia hapo ni msumari, ubao unasingiziwa. Mwalimu wa kwaya akatupa ushahidi bila kujua: mvua ikinyesha, alisema, jukwaa linakuwa na adabu. Mzee Ngassa alicheka. Mbao zikinywa unyevu zinavimba, zinaubana msumari, kimya. Tukang'oa misumari, tukatia skrubu, tukapachika kabari kwenye maboriti, tukapaka sabuni ya kipande kwenye mbao zilizokuwa zinasuguana. Jumapili kwaya ikaimba kwa sauti nne. Wengine walisema wimbo umepungua utamu.

Kazi nyingine ninayotaka muijue ni ya hapa mjini, dukani kwa Bwana Salum wa vitambaa. Alitaka kizuizi cha mbao kati ya duka na chumba cha nyuma, kipitishe upepo na sauti lakini kisipitishe macho, ili mkewe, Bi Zuhura, ashone kule nyuma akiwa na raha yake. Sikuwahi kutengeneza kitu kama hicho. Nilianza na mbao nyembamba zilizosimama wima na nafasi kati yake, ukipita ubavuni unaona kila kitu. Nikazilaza, ukiinama unaona kila kitu. Mwisho nikaziinamisha moja juu ya mwenzake, kama mapezi, kila moja ikishuka chini kidogo kuliko pale inapoanzia ya chini yake, na ghafla macho yakakwama na upepo ukapita. Niliipenda kazi hiyo hata nikawa nakwenda dukani kununua vifungo nisivyovihitaji. Bwana Salum yeye aliijutia kidogo. Akimwambia mteja kitambaa hakichuji, sauti ya Bi Zuhura ilitoka kwenye mapezi: "Hicho kinachuja, mama. Chukua cha kijani."

Mzee Ngassa alipoondoka kazini aliniachia patasi yake. Mpini umechakaa mahali pa kidole gumba chake, na kidole changu kimekaa humohumo. Ndiyo niliyotumia hadi siku ya mwisho, na Dotto, acha kuiulizia.

Sasa nirudi Somanda.

Mwanzoni sikujua kwamba mama amejifungia kwa sababu yangu. Nilidhani jicho linamsumbua. Nilikuwa nimekaa uani nikifurahia uzee wangu, chai mkononi, hadi mke wangu, Kabula, ambaye nyumbani namwita Mama Minza, aliposimama mbele yangu na mwiko.

"Baba Minza, wewe umestaafu, mama amefungwa."

"Amefungwa na nani?"

"Na wewe. Hajui unakaa wapi, unapita wapi. Anaogopa kukuvaa mlangoni."

Nikajaribu kuondoka asubuhi kama zamani. Nilikwenda kukaa kijiweni kwa waendesha bodaboda, nikasikiliza ubishi wa mpira ambao siuelewi, nikarudi jioni mgongo ukiuma. Mama alitoka siku hizo, lakini wasiwasi ukabaki, maana mstaafu anaweza kurudi saa yoyote, na nilikuwa narudi. Dotto ndiye aliyeniambia, "Mzee, si mketi tu pamoja? Mambo hayo yamepitwa na wakati." Nilikujibu kwa mkato, Dotto, na leo nakujibu vizuri. Ingekuwa heshima yangu peke yangu ningeweza kuilegeza. Lakini ni ya kwake pia. Mwanamke aliyeishi maisha yake yote akijua pa kuketi na pa kupita, macho yakaanza kumwacha, ukimwondolea na hilo amebaki na nini cha kushika?

Kisha Mama Minza akaja na neno ambalo lilinikata hamu ya chai.

"Mama anasema hapendi kukubana ndani ya nyumba yako. Anataka kurudi Migato."

Kule Migato nyumba yake imefungwa, watoto wake wa kiume wamehamia Geita, na kufika hospitali kutoka kule mtu asiyeona vizuri anahitaji mtu wa kumshika mkono. Tulijua wote wawili maana yake. Lile jicho lililopona nusu lingekwenda na nusu yake. Usiku ule nilimwambia Mama Minza amwombe mama asubiri kidogo, nina kitu nataka kujenga. Aliniuliza ni nini. Nikamwambia ni mahali pa kukaa watu wawili ambao hawakai pamoja.

Mbao nilikuwa nazo. Kila fundi anayejiheshimu ana mbao za siri, na zangu zilikuwa chini ya kitanda, zimekauka misimu miwili kwa sababu ya lile somo la Mwandoya. Mama Minza alikuwa ameshazoea kujikwaa.

Vijana, nitasema machache ya ufundi hapa, maana siku moja mtajenga za kwenu. Kiwanja chetu kiko pale udongo mweusi wa mbuga unapoanza. Udongo huo kiangazi unapasuka hadi mkono unaingia, masika unavimba na kuinua chochote kilichoketi juu yake. Usiujengee kwa haraka. Nilichimba mashimo hadi nikapita ule weusi nikakuta changarawe, nikamwaga zege, na juu yake nikaweka vyuma vya kushika nguzo ili mti usiguse ardhi, mchwa wetu mnawajua. Nguzo za mkaratusi, maboriti ya mbili kwa sita, sakafu imeinuka kiasi cha goti. Kati ya ubao na ubao niliacha nafasi ya unene wa msumari ili maji yashuke. Majirani walikuja kuuliza kama kuna mkutano wa kampeni. Mmoja aliomba kuhutubia.

Jukwaa hilo, acha niliite hivyo kama wanavyoliita, linaanza kwenye ukuta wa nyuma ya nyumba. Mlango wa chumba cha mama unatokea upande wa kushoto, wa sebule upande wa kulia. Katikati nilisimamisha kizuizi cha mapezi, kilekile cha Bwana Salum, kutoka ukutani hadi ukingoni. Kila upande na ngazi yake. Kivuli nilikitengeneza kwa fito na matete yaliyofumwa, maana bati mchana wa kwetu linakupika, na upande wa magharibi nikayashusha matete hadi kifuani ili jua la jioni lisiingie. Kila upande benchi lenye egemeo lililolala nyuma kidogo. Benchi la mama nililipunguza urefu wa miguu, nikimwomba Mama Minza anipimie kwa kamba kutoka kisigino hadi nyuma ya goti, maana mimi nisingeweza kupima.

Shija na Dotto mlikuja Jumamosi kupigilia sakafu, na hapa nawashukuru mbele ya wasomaji. Tulitia skrubu kila mahali. Tulipomaliza nikawaambia vueni viatu. Mlicheka, mkavua, tukatembea watatu pekupeku, mbele na nyuma. Hakuna ubao uliolia hata mmoja. Shija akaruka. Kimya. Nilitamani Mzee Ngassa angekuwepo, niliwageuzieni mgongo nikajifanya natafuta penseli.

Kesho yake mama alitoka. Nilikuwa ndani, nikamsikia kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akiwafokea kuku kwa Kisukuma, na sauti ile ilinipa raha kuliko muziki wa kwaya. Alikaa upande wake siku hiyo na siku zilizofuata. Mama Minza alipika maandazi. Nikajiona mtu mwenye akili sana, na hapo ndipo mambo yaliponiharibikia.

Siku moja nilimwambia Mama Minza nakwenda kwa kinyozi. Kinyozi alikuwa na foleni, nikarudi. Sikujua kwamba mama, akijua sipo, alikuwa amehamia upande wangu na ungo wake wa choroko kwa sababu upepo wa huko ni mzuri zaidi. Nilipanda ngazi kwa ndala zangu, sakafu ikiwa kimya kama nilivyoijenga, nikazunguka matete, nikamkuta mama mkwe amekaa kwenye benchi langu. Alinihisi nikiwa tayari mbele yake. Alijifunika uso kwa kanga, akainuka, choroko zikamwagika zote, akapapasa ukuta kutafuta mlango wa chumba chake uliokuwa upande mwingine. Mimi niligeuza uso nikashuka ngazi kwa kurudi nyuma na nikaangukia ndoo.

Hakuumia, nashukuru Mungu. Lakini aliingia chumbani na hakutoka. Jioni Mama Minza aliokota choroko kwenye nafasi za mbao moja moja, na hakuniangalia.

"Sakafu gani hii," akasema mwishowe. "Ni ya kunyatia watu. Mwizi angekulipa."

"Nimeijenga vizuri."

"Umeijenga vizuri mno. Mama ameshafunga nguo zake. Jumamosi anaondoka."

Nilikaa kwenye ngazi hadi mbu wakanifukuza. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa nimezitafuta mbao zinazolia na kuzinyamazisha, moja baada ya nyingine, kutoka ghala la mbegu hadi Mwandoya. Na sasa bibi mmoja asiyeona vizuri alikuwa anarudi kwenye nyumba tupu kwa sababu sakafu yangu haikuwa na hata mlio mmoja. Nilikuwa na huzuni, kisha nikaanza kucheka peke yangu, kwa sababu dawa niliijua.

Asubuhi nilimpigia Shija aje na misumari ya kawaida. Alifika akiwa na furaha, akidhani tunaongeza kitu.

"Ng'oa skrubu za ubao huu wa kwanza, juu ya ngazi yangu," nikamwambia. "Tutie misumari, na tusiikaze. Nataka ulie."

Shija alinitazama kama nilivyomtazama Mzee Ngassa siku ya kwanza.

"Mzee, tunaharibu kazi makusudi?"

"Hatuharibu. Tunaweka ekzosi."

Mlio nao una ufundi wake, na hakuna aliyewahi kunifundisha. Mara ya kwanza ubao ulilia hata kuku alipopita, mama angekimbia kila dakika. Tukaukaza, ukanyamaza kabisa. Nilichukua patasi ya Mzee Ngassa, nikapunguza kidogo sana boriti chini ya ubao, upande mmoja tu, ili ubao uwe na mahali pa kushukia ukikanyagwa na mtu mzima. Mkono wangu ulikuwa mzito. Nilimwomba mzee msamaha kimoyomoyo, nikaendelea kuchonga. Shija akakanyaga, ukatoa sauti ndefu yenye maringo, kama mtu anayekohoa kabla ya kuingia. Nikakanyaga mimi, sauti ileile. Akakanyaga paka, kimya. Shija akasema tuitafutie noti yake kwenye kinanda.

Mama Minza alisimama nje ya chumba cha mama akamweleza kwa Kisukuma. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye ngazi, nikaukanyaga ubao mara kadhaa ausikie. Kisha mama akauliza swali, Mama Minza akaja kunitafsiria ingawa nilisikia kila neno.

"Anauliza kama utakuwa unaukanyaga kila mara, au utakuwa unauruka ukiwa na haraka."

"Mwambie sitauruka."

Jumamosi ilifika na gari la Migato likaondoka bila yeye. Nguo zilifunguliwa taratibu, kanga moja kwa siku, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. Lakini alitoka. Ubao ukilia, kama yuko upande wangu anakusanya ungo wake bila haraka, anapita mlango wa sebule, anatokea upande wake, kisha anakohoa. Hapo naingia. Nilikuwa nasubiri kikohozi kile kwa hamu.

Baada ya hapo tukaanza kuzungumza, kwa namna ya kwetu. Mama Minza anakaa mwisho wa kizuizi akichambua mchele, mama upande mmoja, mimi mwingine.

"Kabula, mwambie baba yake Minza, mapezi yake yanapitisha upepo vizuri."

"Baba Minza, mama anasema mapezi yanapitisha upepo vizuri."

"Mwambie mama wabeja, nashukuru. Muulize jicho linaendeleaje."

"Mama, anakuuliza jicho linaendeleaje."

"Mwambie linaona vivuli na linaona ubaya wa kuku wake."

Mama Minza siku moja alisema amechoka kuwa posta, lakini hakuhama kiti. Niligundua mama mkwe wangu ni mtu wa vichekesho. Nimekuwa mkwe wake tangu ujana na sikuwa nalijua jambo hilo, kwa sababu hatukuwahi kukaa karibu kiasi cha kusikiana. Alinisimulia, kupitia posta, siku nilipokwenda kuposa na viatu vya kuazima vilivyonibana. Alikuwa amechungulia kwenye ufa wa mlango. Nilicheka hadi machozi yakanitoka, na upande wa pili nikasikia naye anacheka.

Kisha zikaja mvua za kwanza. Mnajua zinavyokuja kwetu, kiangazi kinakatika kwa siku moja na udongo mweusi unaanza kunywa. Mvua ilinyesha mfululizo, ikaacha asubuhi moja, nikatoka na chai yangu kwenda upande wangu kupitia ngazi ya nje, ili ubao unibishie hodi. Nikakanyaga ubao.

Haukulia.

Nikasimama na mguu juu yake. Mara moja nikamkumbuka mwalimu wa kwaya wa Mwandoya: mvua ikinyesha, jukwaa linakuwa na adabu. Ubao umevimba, umeubana msumari. Kazi yote ile, na nilikuwa nimesahau somo la kwanza kabisa. Sikujua mama yuko upande gani. Nikaanza kurudi nyuma polepole, kikombe mkononi, nikiombea nisiikute ile ndoo.

"Kabula," sauti ikasema nyuma ya mapezi, upande wa kushoto, tulivu kabisa. "Mwambie baba yake Minza apite, nipo kwangu. Na ubao wake usimtie wasiwasi. Asiuchongechonge tena. Nimeshaijua miguu yake."

Nilisubiri Mama Minza aseme kitu, anipelekee ujumbe kama kawaida. Kukawa kimya, matone tu yakidondoka kutoka kwenye matete. Ndipo nikakumbuka kwamba Mama Minza aliondoka mapema kwenda sokoni, na kiti chake mwisho wa kizuizi kilikuwa kitupu, kimelowa.

Nikaketi kwenye benchi langu, nikaweka kikombe chini, nikakigeukia kile kiti kitupu.

"Mama Minza," nikasema, "mwambie mama nimesikia. Mwambie wabeja sana. Muulize ameamkaje."

"Kabula, mwambie nimeamka salama."

Tuliendelea hivyo hadi jua likatoka. Mama Minza aliporudi na kikapu alisimama uani akatusikiliza, kisha akaingia ndani kimyakimya kupika.

Huo ndio ubao wangu, vijana. Kiangazi kikirudi utalia tena, na masika utanyamaza, na hakuna anayeusubiri tena. Shija, ukija kunitembelea, njoo pekupeku kama nilivyokufundisha. Skrubu ziache nyumbani.